Paipu Iliyotazama Ngarama

Mwalimu Modeste alipigwa na majirani zake mwenyewe, watu aliokimbia nao vita, tena kwa majembe ya kulimia mahindi. Wacha nikwambie ilivyokuwa.

Alifika Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, mwaka 1998 kutoka Fizi, Kivu Kusini, Kongo, bila mama na bila kaka. Wote wawili waliuawa na kombora moja la mortier, ule mzinga wa bomba unaosimamishwa kwa miguu, mama akiwa anasonga ugali. Modeste aliwazika vipande. Kambini akapewa shamba, akaoa, na jioni akawafundisha watoto hesabu bila mshahara. Hakuwahi kumpiga mtoto hata kofi. Wazazi walimcheka: mwalimu gani huyu?

Oktoba 2012 redio ikatangaza kwamba Rijili Kantori, ile nyota kali ya kusini ambayo kumbe ni majua mawili yanayozungukana, imegunduliwa kuwa na sayari. Majirani wa jua letu! Modeste akapagawa.

"Apolline," alimwambia mkewe, "kule kuna majua mawili na dunia yao!"

"Huko nako wanagawa posho?" Apolline akauliza.

Sayari yenyewe asingeiona hata kwa dawa, na alijua. Alichotaka ni kuzitenganisha zile nyota mbili kwa jicho lake. Akanunua lenzi mbili mjini Mbarara, akaokota paipu ndefu ya maji, akaipaka masizi ndani, akaisimamisha juu ya miti mitatu. Jioni moja ya Juni 2013, giza lilipoingia, akaielekeza kusini, juu ya vilima vya Ngarama, akapiga goti, akafumba jicho moja.

Joël, jirani yake wa uzio mmoja, alikuwa anatoka msalani. Akaona paipu nene, miguu mitatu, mtu amepiga goti. Huyo naye mortier ilimmalizia watoto wawili kulekule Fizi. Hakuuliza swali.

"Mortier! Mwalimu iko na mortier! Batu yangu, mukuje, atatumaliza!"

Madebe yakapigwa, watu wakamiminika, thelathini hivi. Modeste akainua mikono. "Ni ya nyota! Mutazame wenyewe, ni ya nyota!" Nani amsikilize? Jembe la kwanza, la Joël, lilimpata kwenye jicho. La pili likamvunja mkono. Wakamburuta, wakamkanyaga mbavu, wakaiponda paipu kwa mawe mpaka lenzi zikaanguka. Mugisha, askari wa doria, akafyatua risasi hewani, akaokota kioo.

"Nyinyi watu, mna wazimu? Hii ni galasi ya macho!"

Hospitali ya macho ya Ruharo walilitoa lile jicho, halikuwa na cha kuokoa. Aliporudi, majirani wakaja mmoja mmoja na kuku, na unga, wengine wanalia. Joël hakuja. Wakikutana kisimani, anageuza uso. Na Modeste, masikini, hakutaka kuku wala unga. Alitaka neno moja tu, nilikosea, litoke kinywani mwa Joël, amsamehe, alale usingizi. Miaka miwili na nusu alilingoja.

Mwisho wa 2015, redio tena: hesabu zimepitiwa upya, na ile sayari yaelekea haikuwapo kamwe. Ungedhani atahuzunika. Wapi! Alifurahi mno. Wataalamu wakubwa walikosea mbele ya dunia nzima, kosa limesemwa waziwazi, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Basi Joël ashindwe na nini? Asubuhi hiyohiyo akaenda kwake, akamkuta anapukuchua mahindi, akamsimulia yote, taratibu, kama anavyofundisha.

Joël alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Si unaona? Kule hakukuwa na kitu. Sasa ulikuwa unatafuta nini na ile paipu, kama haikuwa kututisha?"

Ngumi ya kwanza ilimvunja Joël meno mawili. Ya pili ikamlaza juu ya mahindi. Modeste akamkalia kifuani, akapiga pua, akapiga mdomo, akapiga popote mkono ulipofika, mpaka Joël, damu zimemjaa kinywani, akalia:

"Nilikosea, mwalimu! Nisamehe, nilikosea!"

Modeste alilisikia vizuri kabisa. Akampiga tena.