Konokono wa Ukutani

Ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Donholm ulipigwa plasta kwa ajili yangu, na mpaka leo siwezi kuutazama bila hasira.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amestaafu ukarani wa reli, na nyumba ile aliijenga kwa mawe ya kijivu ya machimbo, ikabaki mawe matupu. Asubuhi moja, akiota jua mlangoni, aliona kitu kwenye jiwe lililo chini ya dirisha. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, kimejikunja mithili ya gamba la konokono. Tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Alisema ni kisukuku, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe.

Kila asubuhi, jua likipiga ukuta kwa ubavu, alilimwagia jiwe maji ya kikombe, maana likilowa mistari hujitokeza. Kisha aliinama na kile kioo chake cha kukuzia maandishi ya gazeti. Vijana wa jirani walimtania, "Niaje mzee, dinosaur ameamka?" Naye aliwajibu kwamba bado amelala, wasimpigie kelele. Mimi nilimwambia mawe yale ni majivu ya volkano, kiumbe atoke wapi?

"Majivu yakifunika shamba," akaniuliza, "konokono atakimbilia wapi?"

Siku moja alikidondoshea kile kitu maji ya ndimu. Povu dogo likatoka, naye akacheka mpaka mama akatoka jikoni kutazama. Gamba hutoa povu, alisema. Kisha akaongeza mwenyewe kwamba hata tone la simiti lililomponyoka fundi lingetoa povu, kwa hiyo lazima mjuzi aone. Akaenda mjini kumtafuta mhadhiri wa mambo ya mawe, akaahidiwa Jumatatu.

Wageni wangu wa mahari walikuwa wanakuja Jumamosi, kabla ya Jumatatu hiyo. Aliyeshika usukani wa shughuli ni mama mdogo, dada yake mama, na alifika na fundi wake.

"Shemeji, wakwe wapokelewe na ukuta uchi?"

Baba alimwomba amwachie jiwe lile moja tu.

"Tuweke kiraka mbele ya nyumba? Watadhani tuliishiwa simiti."

Mama akarudi jikoni. Mimi nikasema waliache, nikaambiwa bibi harusi hana neno katika mambo ya wageni. Fundi akachukua nyundo na tindo, akaanza kuyadonoa mawe ili plasta ishike. Baba aliingia ndani akafungulia redio kwa sauti kubwa.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Kwetu wageni walikaa wakaupa ukuta mgongo, wakala kuku, wakasifu chapati. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuutazama. Ndoa yenyewe ilivunjika kabla plasta haijapata ufa.

Mhadhiri alikuja Jumatatu kama alivyoahidi. Baba alimwonyesha ukuta laini uliopakwa rangi ya maziwa, akamwomba radhi kwa kumsumbua bure.

"Huenda lilikuwa tundu la hewa tu, mzee," yule bwana alisema, akijaribu kumfariji. "Lakini bila kuona siwezi kujua."

Nilimchukia kwa upole wake. Baba alimpa chai, akamsindikiza hadi kituoni, kisha akakirudisha kile kioo kwenye magazeti. Maji ya asubuhi yakakoma.

Baba alipofariki, mama mdogo alikuja tena, safari hii na fundi wa rangi, kwa kuwa waombolezaji wangeanza kufika jioni. Sikubishana naye. Nilichukua nyundo nikabandua plasta chini ya dirisha, nikaliosha jiwe, nikalikagua kwa kioo cha baba mpaka jua likahama. Palikuwa na vishimo vya tindo tu, kimoja juu ya kingine.

Mama mdogo alitoka jikoni, akashika kichwa. "Wewe! Watu wakifika wataona nini hapo?"

"Wataona tulichomfanyia baba," nikamwambia.