Mchicha Uliokatazwa Kuchumwa

Mwaka nilioajiriwa kuwa mtafiti msaidizi, sembe ilikuwa adimu madukani, na ofisi yetu ilikuwa imeagizwa iwatafutie wananchi chakula cha kujenga mwili. Mkurugenzi wetu akaleta mbegu za mchicha wa nafaka, punje nyeupe ndogo kuliko ulezi, ndani ya bahasha iliyogongwa mihuri mingi. Alituambia lishe yake inayapita mahindi, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Sema tu yeye mwenyewe hakuwahi kuotesha hata kitunguu.

Tulipewa matuta manane bondeni Jangwani, ya mama mmoja wa kutoka Lindi aliyekuwa akilima mboga na kuziuza Kariakoo. Kila Jumatatu nilikwenda na futi kamba kupima urefu wa mashina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwapima wagonjwa wako?"

Mchicha ukapita magoti, ukapita kiuno. Mama yule, aliyezoea kuchuma mchicha ukiwa na wiki tatu tu, aliutazama kama mtu anayeona wali unaungua na amekatazwa kuepua.

"Sasa huu unaliwa lini?" akaniuliza.

"Mpaka utoe mbegu, mama. Majani hayaguswi."

"Kwa nini tusile majani, halafu tule na mbegu?"

Niliandika swali lake kwenye ripoti, na Mkurugenzi akalikata kwa kalamu nyekundu kwa sababu halikuwemo kwenye fomu.

Majirani walipoanza kuutolea macho mchicha ule, Mkurugenzi aliagiza kibao cha kuwatisha. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: MALI YA UMMA. Nilikisimika mwenyewe siku ya Ijumaa, nikarudi ofisini nimeridhika.

Jumatatu nilikuta foleni. Ilianzia kwenye kibao ikafika barabarani, kina mama wenye vikapu, wazee wenye kanzu, kila mtu na nafasi yake. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mbele akisimamia uchumaji, kila kaya mikono miwili ya majani.

"Ndugu Mjumbe, nani ameruhusu?" nikauliza.

Akanionyesha kibao. "Soma mwenyewe, dada. Umma si ndio sisi?"

Mwanamume mmoja mwishoni akanigusa bega, akauliza foleni ile ni ya nini. Nilipomwambia ni ya mchicha, alisema alidhani ni ya sabuni, lakini hakutoka.

Tuta moja tu lilipona. Mama alikuwa amesimama katikati yake na jembe mkononi tangu asubuhi. "Hapa pamebaki mbegu," alikuwa akiwaambia. "Atakayetaka apite juu yangu." Niliketi ukingoni nikalia. Yeye akanipa maji, akasema nisilie, watoto wa bonde zima wangekula mboga siku ile.

Nilipoleta habari ofisini nilitegemea kufukuzwa. Mkurugenzi alifikiri kidogo, kisha akasema, "Andika: wananchi wamelipokea zao jipya kwa ari kubwa."

Tuta lile lilipokauka, mama alipukuta masuke, akapepeta, akasaga sehemu ya mbegu. Siku ya kamati ya kuonja alialikwa apike uji, lakini hakuandaliwa kiti. Alisimama karibu na sufuria, akimimina kila alipoitwa. Mkurugenzi alihutubia mpaka uji ukaota utando. Mjumbe mmoja wa kamati, mzee mnene wa heshima, alikunywa kikombe, akaomba cha pili, akaomba cha tatu. Kisha akafuta midomo, akasimama.

"Tatizo ninaloliona," alisema, "ni kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuupenda uji huu kabla ya kuelimishwa."

Mama akainua upawa. "Samahani, baba. Wewe umeelimika kwenye kikombe cha ngapi?"

Nilicheka kwa sauti. Hakuna mwingine aliyecheka, ila mzee mwenyewe alitazama kikombe chake kitupu, akaketi taratibu. Kamati ikapendekeza utafiti uendelee, na mbegu zilizobaki zifungiwe kabatini.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Kariakoo kununua nazi, nikamkuta mama kwenye meza yake. Pembeni ya mafungu ya mchicha alikuwa na beseni la punje nyeupe, akizipima kwa kikombe. Kumbe siku ya kupepeta alijiwekea konzi mbili, akazipanda, na safari hii alichuma majani ya chini huku akiacha masuke yakomae. Wanawake wenye watoto wachanga walikuwa wamemzunguka, na yeye akiwaelekeza namna ya kuchanganya na unga wa muhogo.

Nilirudi ofisini mbio, nikamweleza Mkurugenzi kwamba mchicha wa nafaka unalimwa, unauzwa na unapendwa.

Akaweka kalamu chini. "Kwa kibali cha nani?"

Nilimwambia nitakwenda kuulizia. Sikwenda.