Pale Wimbo Unapokatika

Mwanne, fundi cherehani wa Buyenzi, hapimi mlima kwa simu. Klabu yetu hukimbia kila Jumamosi asubuhi huku tukiimba, kama klabu nyingi za Bujumbura, na yeye husikiliza tu wimbo unakatikia wapi. Njia ya kando ya ziwa haiukati kabisa. Ya kutoka Rohero kupanda Kiriri huukata kwenye kona ya kwanza. Mbishi akimwonyesha vipimo vya mwinuko kwenye simu, humjibu, "Iyo simu yako ilishaimba?"

Aliyekuwa akianzisha wimbo, sisi tukimwitikia, ni Faridi, mume wake. Sauti yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kukatika. Sasa anafanya kazi Uholanzi, na makaratasi ya kumpeleka mke hayaishi.

Jumamosi iliyopita Mwanne alijirekodi akiimba huku akipanda Kiriri mpaka pumzi ikamwishia, akamtumia. "Na we kimbia uko kwako uniimbie," alimwambia. "Mi nataka nijue milima ya uko."

Jibu lilifika Jumamosi hii tukiwa tumekaa juu ya mlima, tunanyoosha miguu. Mwanne akaongeza sauti tusikie wote. Viatu vya Faridi vilikuwa vinapiga lami, upepo unavuma, naye aliimba wimbo wetu mwanzo hadi mwisho bila kukatika hata mara moja. Tukapiga makofi kwa pumzi ile.

Mwanne akazima simu.

"Munapiga makofi ya nini?" akatuuliza. "Amusikii anajiitikia mwenyewe?"