Mama Yangu, Munganga wa Wazimu

Mpaka leo nikipita mahali wanapochemsha majani ya mkaratusi, naharakisha hatua. Kwa wengine harufu ile ni dawa ya mafua, ni mvuke na blanketi kichwani, ni kupona. Kwangu mimi ni beseni la plastiki la kijani lililokaa mlangoni pa nyumba yetu, Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka ule mama aliporudi kutoka masomoni.

Aliyeliweka pale ni Mukaka. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Kila jioni alichemsha majani, akayamimina ndani ya beseni, akaketi kando kwenye kigoda chake kumsubiri mama. Mama alipofika kutoka kazini alipaswa kunawa mikono mpaka viwikoni, kisha uso, kisha nyuma ya masikio, ndipo aingie.

“Sikatae kazi yako, mukwe wangu,” Mukaka alisema, “lakini ile bitu ya kule ibakie kule.”

Mama, daktari aliyesoma mpaka macho yakataka miwani, aliinama akanawa. Nami nilisimama nyuma ya pazia nikihakikisha kwamba hakusahau masikio.

Niwaeleze ilivyokuwa. Kabla ya kwenda masomoni mama alikuwa munganga, yaani daktari, wa kila kitu. Alizalisha wanawake, akashona vidonda, akapasua ngiri, na watu walituletea kuku na mafungu ya ndizi kumshukuru. Nilipopita naye barabarani nilitembea kifua mbele. Alipoondoka kwenda kusomea utaalamu, mtaa mzima ulisema atarudi munganga wa moyo, au wa macho, au angalau wa batoto. Siku ya kurudi baba alichinja mbuzi. Wakubwa walipokwisha kula, mjomba wa baba akajifuta midomo akauliza, “Donc, docteur, tukuite munganga wa nini sasa?”

“Wa magonjwa ya akili,” mama alisema. “Psychiatre.”

Mjomba alitazama huku na huku kama mtu aliyesikia vibaya. “Ya bazimu?”

“Ya bagonjwa,” mama alijibu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wageni walianza kukumbuka kwamba wana safari, na nyama ikabaki sahanini. Kabla ya wiki kwisha nilishajua mambo yote ambayo mtoto hapaswi kuyajua: kwamba wazimu unapita kwa pumzi, kwamba munganga anayeutibu huupata mwenyewe mwishoni, na kwamba baada yake unashuka kwa watoto wa kike. Mbambu, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, ndiye aliyeniambia hilo la watoto wa kike. Kisha akahamia dawati jingine.

Nikaanza kumchunguza mama. Alipotia chumvi kwenye maharage mara ya pili, niliisukuma sahani yangu kando. Alipocheka peke yake akitazama simu, nilikwenda kusimama karibu na mlango. Siku moja nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, mikono juu ya magoti, anatazama ukuta wa udongo tu. Nilikimbilia chooni nikajifungia humo, nikamwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, ili asije akasema hakuelewa.

Wakati wa likizo ya Pasaka, hofu yangu ilipewa sura. Baba alikuwa mfanyabiashara wa maharage na viazi, na siku hizo alikuwa Kirumba akipakia mzigo. Mukaka alikwenda msibani Alimbongo. Nikabaki na mama tu, na siku ya Alhamisi mama alikuwa na kawaida ya kwenda Beni kutibu watu. Ikabidi twende wote.

Wanaoijua barabara ya Butembo hadi Beni miaka hii hawahitaji maelezo. Waasi huvizia magari humo, kwa hiyo watu huomba kabla ya kuwasha gari, na wanapofika sehemu fulani mazungumzo hukatika yenyewe, dereva huongeza mwendo, na kila mmoja hutazama kichaka cha upande wake. Niliuliza kwa nini wagonjwa wa Beni wasitibiwe Beni tu na daktari wa kwao. Mama alicheka kicheko kifupi.

“Ba Beni banakuja kunitafuta Butembo,” alisema. “Ba Butembo banakuja kunitafuta Beni. Banapishana mu njia. Kila mutu anaogopa jirani yake amuone anaingia kwangu.”

Nilitazama kichaka kinavyokimbia dirishani. Sikuweza kuelewa mtu anayeona heri barabara hii kuliko macho ya jirani.

Nyumba aliyotibia ilikuwa upande wa Mavivi, ndani ya ua wa mabati, bila kibao chochote. Mwenye nyumba alikubali kupangisha kwa sharti hilo. Nilitarajia minyororo na mayowe. Nikakuta baraza na benchi ndefu, na watu wameketi kama wanavyoketi kwenye zahanati yoyote: mama mwenye mtoto mgongoni, kijana mwenye sare ya shule, na mwanamume mrefu ambaye goti lake halikutulia. Viatu vyake vilikuwa vya jeshi, ingawa nguo zilikuwa za raia. Mama aliniketisha kwenye kona akaniambia nichore. Mimi nilibana pumzi. Nilivuta hewa kidogo kidogo kwa pembe ya mdomo, nikafunika pua kwa kola ya gauni, mpaka nikaanza kuona nyota.

Ndege ikapita chini sana ikienda kutua Mavivi. Benchi nzima ikainamisha vichwa. Yule mwenye viatu vya jeshi alikuwa tayari amelala chini ya benchi, mikono juu ya kisogo. Wanajeshi ndio tulioambiwa tuwaogope, na huyu hapa alikuwa analia kama mtoto mdogo. Hakuna aliyemcheka. Yule mama mwenye mtoto alimnyooshea mkono, akamsaidia kuinuka.

Kabla hajaketi vizuri, lango la bati lilifunguka akaingia mtu mwenye kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi na miwani nyeusi. Nilimjua kwa vidole. Alikuwa akivisugua kimoja kwa kingine, kama mtu anayepangusa chaki ambayo haipo. Alikuwa Mwalimu Ilunga, mwalimu wangu wa kalasi ya sita.

Mwalimu Ilunga alikuwa mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma kwanza kufundisha kijijini karibu na Beni, baadaye wakamleta kwetu Butembo. Alipiga pasi suruali yake mpaka mstari ukakata kama kisu, na Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani, lakini hesabu alizieleza hata zikawa tamu. Nilikuwa mwanafunzi wake kipenzi. Sasa alisimama katikati ya ua, miwani imeelekea kwangu, nami penseli imeganda mkononi. Aligeuka akatoka, na lango likabaki linapigapiga.

Mama alitokea barazani kuita anayefuata, akalitazama lango, kisha akanitazama mimi. Ndani ya gari tukirudi nilishindwa kuvumilia.

“Mama, Mwalimu Ilunga iko wazimu?”

“Sikuona mutu,” mama alisema. “Na wewe hukuona mutu. Unasikia, Katungu?”

Hakuwahi kutumia sauti ile kwangu. Nikasema ndiyo.

Shule ilipofunguliwa, nilikaa mbele ya mtu ambaye nilimwogopa kwa sababu mbili: nilijua siri yake, naye alijua kwamba naijua. Hakunitaja tena jina. Madaftari aliyarudisha mkononi kwa kila mtoto, langu aliliweka juu ya dawati huku akitazama dirishani. Wakati wa mapumziko watoto walicheza mchezo wa kuguswa, na aliyeguswa na mimi alipaswa kujipangusa majanini kabla hajaambukizwa. Kulikuwa na neno moja kinywani mwangu ambalo lingewanyamazisha wote. Nililiuma siku hadi siku. Sikulizuia kwa wema, niwaambie ukweli. Niliogopa ile sauti ya mama.

Kisha ikaja siku ambayo directeur wa shule aliniita mbele ya walimu wenzake uani, akiwa na furaha ya mshahara uliofika. “Katungu, mama yako atatutengenezea bichwa lini?” Walimu wakacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mwalimu Ilunga. Alicheka mpaka akashika tumbo, na macho yake hayakuwa yanacheka. Nilitamani kumpiga jiwe.

Halikupita juma. Asubuhi yenye mvua tulikuwa tunanakili hesabu za mgawanyo, maji yanalia juu ya mabati, mara nje barabarani tairi la lori la mbao likapasuka. Mshindo uliingia mpaka vifuani. Sisi tulipiga kelele kidogo, wengine wakaanza kucheka. Mwalimu Ilunga hakucheka. Alitupa chaki, akafunga mlango, akaupiga komeo.

“Laleni chini! Bote, chini! Musilie!”

Alitusukuma chini ya madawati kwa mikono miwili, wadogo kwanza. Kisha akasimama mgongo kwenye mlango, mikono ameitandaza pande zote mbili, jasho linamtiririka, macho yanatazama kitu ambacho sisi hatukukiona. Watoto wakaanza kulia kweli. Alitusihi kwa kunong'ona, kwa Kilingala, tunyamaze wasitusikie. Sijui ni akina nani aliodhani wangetusikia. Sijawahi kuogopa vile tena maishani, hata kwenye barabara ya Beni.

Directeur alikuja akagonga, halafu akaanza kupiga mlango kwa ngumi, na kila pigo Mwalimu alizidi kujikaza. Kupitia dirishani niliona wanaume wanakuja kutoka kwenye duka jirani. Mmoja alikuwa na kamba. Dirisha letu halikuwa na vioo. Sikumbuki nilivyoruka, nakumbuka matope, na kiatu kimoja kilichobaki humo, na mimi nimesimama mlangoni kwa mama kwenye kituo cha afya alikofanya kazi, sina pumzi ya kusema. Nilisema tu, “Mwalimu. Batu biko na kamba.”

Mama alipanda pikipiki akiwa na koti lake jeupe, mimi nyuma yake. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akamwambia mwenye kamba aiweke chini. Hakupaza sauti. Yule bwana akaiweka. Halafu mama akaweka kiganja kwenye mlango, akauegemea kama anayezungumza na mtu aliyelala.

“Mwalimu, ni docteur. Batoto biko buzima?”

Mvua tu. Kisha sauti ya ndani, imekauka: “Biko buzima bote.”

“Umebalinda muzuri sana.”

“Bale balishaenda?”

“Hapa niko mimi na bazazi. Hakuna mwenye silaha. Fungua kidogo, utazame mwenyewe. Unipe batoto moja moja.”

Sijui tulisubiri kiasi gani. Komeo likasogea. Mlango ukafunguka kiasi cha mtoto mmoja kupita, na Mwalimu Ilunga akaanza kutoa wanafunzi, kila mmoja kwa jina lake, akimkabidhi mama mkono kwa mkono. Mbambu alipopita alimkumbatia mama kiunoni, hakukumbuka kujipangusa. Wa mwisho kutoka alikuwa Mwalimu mwenyewe. Mama alimpa mkono naye pia, wakavuka uwanja wakiwa wamelowa, na watu wakawapisha njia.

Baadaye ndipo tulipoambiwa yaliyompata kule kijijini karibu na Beni: shule iliyovamiwa, mlango ambao haukufungwa kwa wakati, watoto ambao hakuweza kuwatoa. Hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa kwamba mwalimu akijulikana anatibiwa kichwa, hatapewa tena kalasi. Hakukosea. Wazazi walifanya kikao, wakagombana, na ikaamuliwa akae stoo akigawa chaki na vitabu. Alikaa huko karibu mwaka mzima, akitibiwa kwa mama mchana kweupe, kwani hapakuwa tena na cha kuficha. Kisha shule nyingine, upande wa pili wa mji, ikamchukua afundishe.

Jumamosi moja, nikiwa tayari sekondari, nilikwenda sokoni na mama. Watu walijaa, mabega yanagongana. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alitupita karibu kabisa, na mama, ambaye nilijua anamfahamu, alitazama chini. Nikamuuliza kwa nini hasalimii watu. Nilidhani anaona haya kwa kazi yake.

“Mimi siwezi kuanza,” alisema. “Mutu akitaka kunijua mu njia, atanisalimia yeye. Asipotaka, sisi hatujuane.”

“Na banakusalimiaka?”

Mama alichagua nyanya. “Bado.”

Tulikuwa tunaelekea kwa wauza samaki wa chumvi nilipomwona Mwalimu Ilunga ng'ambo ya njia, suruali imepigwa pasi, amezungukwa na walimu wenzake wa shule mpya. Mama naye alimwona. Akageuza uso upande wa samaki, kumwachia nafasi ya kupita.

Hakupita. Alivua kofia yake, akaita kwa sauti ya kalasini, ile inayofika mpaka dawati la nyuma.

“Bonjour, docteur!”

Wauza samaki wakageuka. Walimu wenzake wakamtazama yeye, kisha mama.

“Bonjour, Mwalimu,” mama alijibu. “Batoto biko aje?”

“Biko muzuri, docteur. Binasoma.”

Akarudisha kofia, akaendelea na safari yake. Mama alitembea hatua chache, akamwomba muuzaji mmoja ruhusa, akakaa juu ya gunia la maharage. Aliweka mikono juu ya magoti, akatazama mbele tu, kama siku ile nyuma ya nyumba. Nilidhani amechoka kwa uzito wa kikapu, nikakichukua. Nilishakuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba miaka ile yote niliyokuwa nikimwogopa, yeye naye alikuwa anaogopa kukataliwa na watu, na hakuwa na mtu wa kumwambia.