Punje Mbili za Buni Moja

Mpaka leo nikisikia mtu akisema sisi Wanyambo hatukuwahi kudai nchi yetu, damu inanichemka. Tulidai. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu ya Nyabiyonza, nikiwamenyea ndizi hao waliokuwa wakidai.

Wadachi walikuwa wametuwekea mtawala kutoka nchi nyingine, mtu ambaye babu zetu hawakuwahi kumpigia goti. Kaka yangu na wenzake wa Nyakakika na Nyakatuntu wakakubaliana kuificha ngoma ya ufalme. Kwetu ngoma ile ndiyo nchi yenyewe. Asiyekuwa nayo hatawali, hata akizungukwa na askari. Ingetolewa siku Mdachi atakapomrudisha mtu wa ukoo wetu. "Sisi ni Wanyambo," kaka alipenda kusema, hata mimi nikamtania: unatujulisha kwa nani, na sote twajijua?

Kilichowakwamisha ni Kiswahili. Ukienda kudai kwa Wadachi bomani Bukoba husikilizwi bila hicho, na aliyekijua vizuri ni mume wangu, mwenye duka la merikani na chumvi, ambaye baba yake alitoka pwani. Mimi nilisilimu nikaolewa naye. Nilipoanza kujifunika kanga ndugu zangu walinicheka wee, kisha wakazoea. Wazee hawakumwamini mume wangu, basi kaka akasema atafanya naye omukago, undugu wa damu.

Walikaa sebuleni kwangu asubuhi, wametazamana. Kila mmoja akachanjwa karibu na kitovu. Buni moja ya kahawa ikapasuliwa, punje zake mbili zikapakwa damu, na kila mmoja akatia kinywani ile ya mwenzake. Anayemeza kisha akamsaliti ndugu yake huvimba tumbo akafa. Hakuna Mnyambo aliyelitilia shaka jambo hilo, hata mimi na swala zangu tano. Ndipo kaka akamwambia mahali ilipo ngoma: katika shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba yake. Nami nilisikia, maana nilikuwa pale pale na kisu changu, nikiwamenyea ndizi.

Haukupita muda askari wakaja. Hawakuuliza njia wala hawakupekua nyumba. Walikwenda moja kwa moja shimoni, wakafukua majani, wakaibeba.

Kaka alipopitishwa mbele ya duka letu alikuwa na mnyororo shingoni. Nilipiga magoti nikamsalimu. Alimgeukia mume wangu.

"Ndugu yangu, nakuachia mke wangu na ng'ombe. Sina mwingine." Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu aliyejifunika nguo za wageni, aliyesikia yote bila kumeza punje, usimwambie tena neno lolote."

"Inshallah, ndugu yangu," mume wangu akajibu. Alisema hivyo, bila haya, na mnyororo anauona!

Nilimfuata ndani. Nilimwuliza kama ni yeye, na wala hakuhangaika kukana.

"Mke wangu, damu ni haramu. Ile punje niliibana shavuni, nikaenda kuitema uani. Hapo pana undugu gani? Nchi ni ya Mdachi, nyinyi mnahangaika na ngoma."

Aliyasema huku akijimiminia maziwa. Nilimchukia kwa utulivu ule kuliko kwa maneno yenyewe. Kama alikuwa akimwogopa Mungu, angekataa mbele ya watu, nao wangejua wako na nani. Baadaye alipewa kazi ya kumtafsiria yule yule mtawala mgeni, akavaa tarbushi nyekundu.

Nilikwenda kwa wifi yangu, mke wa kaka, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza huku akipepeta ulezi.

"Mume wangu alimwona akimeza," alisema.

"Hakumeza, wifi. Aliniambia mwenyewe."

"Tumbo lake limevimba?"

"Halijavimba."

"Basi rudi kwa mumeo."

Kaka alifia Bukoba, na sikupata wa kunipelekea neno kwake. Mume wangu aliishi sana. Hakuwahi kulalamika hata kwa kiungulia. Kila tulipopita pamoja njiani, watu wangu walimtazama tumbo, wakamwamkia kwa heshima, kisha wakanigeuzia mgongo mimi.