Shayiri Iliyokunjamana

Mimi ni mtu wa kufurahi upesi, na kazi yangu hainisaidii kutulia. Wenzangu wa chuo walienda kwenye benki na bima. Mimi nilienda kwenye shayiri, na mpaka leo nikikuta suke jipya limechomoza asubuhi napiga kelele peke yangu shambani kama mtu aliyekanyaga nyoka. Askari wa kituo chetu cha utafiti wamenizoea. Zamani walikuwa wakija mbio na rungu.

Ninachotafuta ni nyuzinyuzi. Ndani ya kila punje ya nafaka kuna wanga, na kuna nyuzinyuzi, ile sehemu ambayo tumbo haliwezi kuisaga upesi, kwa hivyo sukari huingia kwenye damu polepole na kwa adabu. Watu hudhani nyuzinyuzi ni makapi tu, unga wa kahawia wa watu wanaojinyima. Sivyo. Kiasi chake ndani ya punje hurithiwa, kama mwanya wa meno au sauti nzito. Ipo shayiri moja ambayo jeni yake ya kutengeneza wanga imeharibika. Punje yake haijai vizuri. Ikikauka inakunjamana na kuwa nyembamba, kitu cha kuhurumia ukikiona. Lakini ina nyuzinyuzi tele! Kwangu mimi hiyo ndiyo punje nzuri kuliko zote duniani, na niliwahi kusema hivyo kwenye arusi ya watu, nikiwa nimepewa maikrofoni nitoe salamu tu.

Sababu ya haya yote ni mama yangu. Anaishi Dundori, analima viazi, na maisha yake yote alianza siku kwa uji, kikombe kikubwa cha bati kilichojaa mpaka ukingoni. Kisha akapatikana na ugonjwa wa sukari, na kliniki wakamwambia apunguze uji. Hakupunguza, aliacha kabisa, kwa utiifu wa mtoto wa shule. Nikimtembelea alikuwa ananipikia uji mimi, yeye akinywa chai kavu huku macho yakiwa kwenye sufuria. Kopo lake la sukari, la bluu, alilisafisha akalirudisha kwenye rafu likiwa tupu, akisema jiko lisilo na kopo linaonekana kama la nyumba iliyofiwa. Nilimhurumia hadi nikakasirika. Niliapa nitamrudishia uji wake.

Basi nikachukua shayiri yetu ya huku, inayovumilia baridi ya milimani, nikaichavusha na ile iliyokunjamana. Ni kazi ya kibano na kuzuia pumzi, kwa sababu unatoa sehemu za kiume katika kila kiua kabla hakijajichavusha chenyewe. Mbegu za kwanza hutoka zote nono, maana jeni nzima inaifunika ile iliyoharibika. Lakini zipande, zizae, na pale jeni mbili zilizoharibika zitakapokutana katika punje moja, itakunjamana. Karibu robo ya mavuno inatakiwa iwe hivyo. Hiyo robo ndiyo niliyokuwa naiota.

Mkubwa wangu wa kazi, daktari wa mimea na mama wa maneno machache, alinipa sharti moja. Zikionekana zilizokunjamana, tunaendelea. Zisipoonekana, basi uchavushaji wangu haukushika, na nafasi yangu shambani wanapewa watu wa ngano. Watu wa ngano tayari walikuwa wanapita hapo na futi yao ya kupimia.

Mbegu hizo za kwanza nilizipanda nyuma ya jiko la mama, kwa sababu Dundori kuna ile baridi ya milimani, chini ya neti ya kuzuia ndege. Aliitunza shayiri ile kuliko alivyonitunza mimi. Ilipokaribia kukauka nilimpigia simu kutoka kwangu mtaa wa Free Area nikamwambia aivune, aipure, aiweke kwenye gunia, na kwamba ningekuja na mgeni kutoka kazini aione.

Kumbe katika maneno yote hayo, alilolishika ni moja tu, mgeni.

Lazima niwaeleze kuhusu mgeni nyumbani kwetu. Viazi vikichimbwa, vikubwa na laini vinaingia kwenye mfuko wa mgeni, na vile vilivyokatwa na jembe tunapika sisi. Kuku akichinjwa, mama anakula shingo na kusema shingo ndiyo tamu. Kikombe kilichopasuka ni chake. Ukimpa blanketi jipya analifungia sandukuni kumngoja mtu asiyemjua. Tumegombana naye juu ya hilo tangu nijue kuongea, na sijawahi kushinda.

Tulifika na daktari kabla ya saa sita. Nilikuwa nimechangamka mno, nimeongea njia nzima bila kumeza mate. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Mezani aliweka ungo, na juu ya ungo kitambaa cha kufuma, kile cha Krismasi. Alikifunua taratibu.

Shayiri ilikuwa inameta. Nono, safi, punje zote zimelingana. Nilizichota na mikono miwili nikitafuta iliyokunjamana hata moja. Hakuna. Daktari naye akachota, akazipitisha kati ya vidole.

"Mama, hii ndiyo yote ilitoka?"

"Yote, daktari. Hakuna hata moja mbaya. Huyu msichana wangu hufanya kazi safi sana."

Daktari aliniangalia kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi.

"Pole," akasema. "Haikushika."

Niliona watu wa ngano wakipima nafasi yangu, na nikamwona mama akinywa chai kavu mpaka uzeeni. Nilitaka kulia mbele ya mkubwa wangu, juu ya kile kitambaa cha Krismasi. Ndipo nikainua macho, na mama akanikonyeza.

Alinikonyeza! Akaingia jikoni kama aliyekumbuka chai. Nilimfuata mbio.

"Mum, umefanya nini?"

"Shh, ongea polepole. Nimekuokoa." Alichungulia mlangoni. "Kulikuwa na mbaya nyingi. Nyingi, nakwambia, mpaka nikashtuka. Zimekunjana kama uso wa mzee. Nikasema kazi ya mtoto wangu imeharibika, na mkubwa wake ndiye huyo anakuja. Nikaita wenzangu wa kikundi, tukakaa hapo nje tukachagua moja moja mpaka macho ikauma."

"Moja moja?"

"Hatukuacha hata moja. Singekubali uaibike."

Nilimshika mabega. "Mum, zile mbaya ziko wapi? Ulipea kuku?"

Alikasirika kabisa. "Kuku? Chakula ya mtu nipee kuku? Ati ndio nini?"

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la bluu la sukari, akafungua.

Kelele niliyopiga ilimfanya daktari atoke sebuleni mbio, akidhani chai imenimwagikia. Nilimwonyesha kopo. Lilikuwa limejaa punje nyembamba zilizokunjamana, zote mbaya, nzuri mno, alizozichambua mama na marafiki zake kwa aibu! Daktari alitia mkono ndani. Kisha mkubwa wangu huyo wa maneno machache akapiga kigelegele hapo hapo jikoni, akalishika kopo na kuanza kucheza nalo, nami nikacheza nyuma yake, na mama yangu akasimama kando ya jiko akituangalia kama watu waliologwa.

Tulipima kwa mizani ya viazi, za kopo upande mmoja na za ungo upande wa pili. Za kopo zilikuwa robo ya mavuno yote, kasoro kidogo.

"Hii kidogo imepungua imeenda wapi?" daktari akauliza.

Mama aliinama. "Hiyo nilipika jana. Niliona ni dhambi kutupa, na hakuna mtu ningepea kitu kama hiyo. Nikakoroga uji kidogo, yangu tu. Inateleza hivi, lakini sikuskia njaa mpaka jioni."

"Na sukari?" nikauliza.

"Nilipima. Ilikuwa tu sawa."

Daktari aliinua kidole kunionya kwamba kikombe kimoja si ushahidi wa chochote. Najua. Hata mimi ningemwambia mwanafunzi hivyo. Lakini nilikuwa nimeshatoka nje, nazunguka tanki la maji nikirukaruka, na jirani aliyekuwa anapalilia akauliza kama nimeolewa.

Niliporudi nilimkalisha mama kwenye kiti nikamweleza kila kitu, kwamba hizi alizoziita mbaya ndizo nilizokuwa nazitafuta tangu aanze kunywa chai kavu. Zikipandwa na kuzaa za kutosha, ataweza tena kuanza siku na uji wake. Alisikiliza huku akiliangalia kopo.

"Hizi ulikuwa unatafuta juu yangu?"

"Juu yako, mum."

Aligeuza uso akajifuta macho na ncha ya kitambaa cha Krismasi, kitu ambacho sisi tukikifanya tunachapwa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na daktari pia, na mimi ndiyo usiseme.

Saa ya kuondoka ilipofika, daktari aliomba mbegu kidogo za kupeleka kituoni. Mama akavuta ungo, sasa mtupu, mapajani, akamimina kopo, na kuinamia punje zile kwa makini. Alianza kuchagua zilizokunjamana zaidi, zile mbaya kuliko zote, akiziweka kwenye mfuko safi wa mgeni. Punje nono chache zilikuwa zimeponyoka zikaingia kwenye kopo pamoja nazo. Akizikuta anazisukuma kando na kidole, kwenye kile kikombe kilichopasuka.

"Hizo za kando ni za nani?" nikamuuliza.

"Hizi?" akasema bila kuinua kichwa. "Hizi ni zangu."