Shanga kwa Mkono wa Kuume

Wakati ule, mtoto wa mtaa wetu wa Bukavu alipimwa kabla ya kuingia shule ya parokia. Tuliketi kwenye mkeka mbele ya sista aliyesomea mazoezi ya mikono, ergo, kama alivyoyaita. Tulitunga shanga, tulifunga vifungo, tulikata karatasi. Aliyeshindwa alipitishwa mlango wa pili, kwenye darasa la walemavu, na sikuwahi kumwona mtoto aliyetoka huko akaenda shule. Niliuogopa mlango ule.

Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Koko, bibi yangu, mama yake papa, hakutaka kabisa kusikia. Kila alipokuja kutoka kijijini Katana alinifunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula, maana hautiwi kwenye sahani ya wote wala haumpi mtu mzima kitu. Mama aliona, akaendelea kupakua chakula. Huwezi kubishana na mama mkwe.

Basi mbele ya sista nikatunga kwa mkono wa kuume, kama nilivyofunzwa. Shanga zikaanguka. Wenzangu walimaliza, wakatolewa nje. Mvua ilianza kupiga mabati, chumba kikaingia giza, nami nimebaki na uzi mtupu. Sista akamtazama mama, aliyekuwa ameketi nyuma yangu.

“Maman, mukono ya huyu mutoto iko zaifu. Nitamupeleka ule upande.”

Mama aliinuka kwenye benchi.

“Masœur, mungoje kidogo. Mwanangu, fanya na ule ingine. Koko hayuko hapa.”

Nilijaza uzi kwa mkono wa kushoto bila kuinua macho. Sista alicheka, akanipitisha niingie shule. Njiani mama aliniambia Koko asijue.

Siku ya kwanza ya shule, baada ya kuimbia bendera, mwalimu alipita kati ya madawati na abacost yake, suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Akasimama kwangu, nami naandika kwa kushoto.

“Hapa hatuandikake na mukono ya choo. Badirisha.”

Nikabadilisha. Mstari ukapinda. Nikaufuta, ukapinda tena. Alikitazama kibao changu, kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

“Ni nani alikupitisha weye? Kesho ukuje na papa na maman. Watanielezea.”

Nilirudi nyumbani polepole, nikiogopa kwamba sasa Koko atajua alichofanya mama. Koko alikuwa amefika asubuhi ile, ameketi mlangoni na papa, na wote wawili waliniuliza kwa furaha shule imeendaje.